Kisiki Nilichokitia kwenye Tangi Lako

Wambura mwanangu,

Nguo umezipanga mwenyewe, vyeti vyako viko kwenye bahasha ya kaki, na namba ya shangazi yako wa Dodoma umeiandika mahali pawili. Kwa hiyo sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Umri wa kuambiwa hayo umeupita, na mimi sina hamu ya kuyasema. Nina hasira. Najua umezoea, umekua ukinisikia nikigombana na redio asubuhi kabla hata ya chai. Lakini safari hii hasira haiendi kwa mbunge wala kwa afisa elimu. Inaishia hapa hapa Kigera, kwenye kiti nilichokalia, na nataka uisome kabla hujapanda basi la kesho alfajiri, kwa sababu unakwenda kusomea ugavi kwa kosa ambalo si lako.

Samaki wako hawakuuawa na maji ya bomba. Niliwaua mimi, kwa kisiki.

Sasa umejua. Naweza kueleza.

Ulikuwa kidato cha pili ulipoingia na ndoo yenye furu kumi na mmoja. Uliwaomba kwa wavuvi waliokuwa wanataka kuwatunga kwenye ndoano wawe chambo cha sangara. Nilikuambia, "Toa hivyo vidagaa vyako kwenye ndoo yangu ya kufulia." Ukanijibu kwa upole ule wako unaoniudhi, "Mama, hawa si dagaa. Ni furu. Na huyu mwenye mgongo mwekundu sijawahi kumwona." Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulikuwa umemwona samaki ambaye mimi, niliyezaliwa kando ya ziwa hili, nilikuwa nimemkanyaga mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, maisha yangu yote bila kumtazama.

Nilipoanza kuwatazama, nikafanya ninachofanya kwa kila kitu: nikatafuta wa kugombana naye. Nilisoma jinsi sangara alivyoletwa ziwani na jinsi alivyowatafuna furu, aina baada ya aina, huku watu wakishangilia minofu inayosafirishwa nje. Nikaandika. Nikahutubia kila mgeni aliyeingia sebuleni, nikimwonyesha tangi lako la kioo kwa kidole kama wakili anayeonyesha kielelezo. Wewe ulikuwa unawalisha, unawasafishia, unajua yupi hali vizuri. Mimi nilikuwa nawatumia. Tofauti hiyo niliijua baadaye sana.

Halafu jike mmoja akabeba mayai mdomoni. Uliniita ukanong'ona kana kwamba angekusikia. Uliniambia hatakula mpaka watoto waanze kuogelea, na kwamba yule dume mwekundu anamsumbua, anamfukuza kona hadi kona, na kwenye tangi tupu hana pa kujificha. "Anahitaji gogo, Mama. Lenye mashimo na mizizi." Hilo tu ndilo uliloomba. Hukuomba pambo.

Unakumbuka duka lile la jijini tuliloingia? Walikuwa na ngome za plastiki za rangi ya waridi, na gogo moja lililopakwa vanishi, linanuka kama jeneza jipya. Nilimuuliza muuzaji kama amewahi kulilamba. Alidhani natania. Na zile video ulizokuwa unanionyesha kwenye simu, watu wanaagiza mizizi kutoka misitu ya upande wa pili wa dunia, inafika imefungwa kwenye nailoni. Nilikasirika siku nzima. Sisi tunaoishi ziwani tuagize kuni.

Kwa hiyo tulitafuta wenyewe, mimi na wewe, Jumamosi tatu mfululizo, kwenye miamba iliyo nje ya mji, baada ya siku za upepo ambapo ziwa hutupa kila kitu ufukoni. Zile Jumamosi ndizo ninazozililia. Ulinifundisha bila kujua kwamba unanifundisha. Karibu na mwalo hukugusa kitu: "Hapa mbao zote zimenywa mafuta ya injini." Vipande vya mitumbwi iliyovunjika ukaviruka kwa sababu ya rangi na lami. Gogo la mkaratusi ulilinusa ukalirudisha. Ulikuwa unabonyeza kila mti kwa ukucha. Ukucha ukizama, unautupa, kwa sababu mti uliooza utaendelea kuozea ndani ya maji. Unaukwangua, unatafuta kama kuna ubichi chini. Unauliza ulikuwa mti gani. Mara tano hivi tulisimama mbele ya gogo zuri kabisa, mimi nikitaka tuondoke nalo, wewe ukisema, "Hatujui ni mti gani, Mama. Tuliache."

Mwishowe ukapata mzizi wa mpera, mgumu, mkavu, uliosuguliwa na mchanga mpaka ukawa na rangi ya mfupa. Mdogo. Nilikuambia unafanana na mguu wa kuku. Ukacheka, ukaubeba.

Na uliuandaa kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Uliubandua maganda yote. Uliusugua kwa brashi bila sabuni, ukanigombeza niliposhika sabuni. Uliuchemsha kwenye sufuria la sherehe la jirani mpaka maji yakawa kama chai ya rangi, ukayamwaga, ukachemsha tena. Kisha ukauzamisha kwenye pipa, jiwe juu yake, ukawa unabadilisha maji. Wiki ya kwanza chai nzito. Wiki ya tatu chai hafifu. Nilikuwa napita hapo kila asubuhi nikiuliza, "Bado?" na wewe unajibu, "Bado." Mimi ni mtu wa kumaliza makala kabla chai haijapoa. Kungoja maji yabadilike rangi kulinichosha kuliko safari.

Katikati ya wiki zile, wewe ukiwa kwenye kambi ya masomo ya shule, nilikwenda Butiama kumsalimia bibi yako. Uzio wake wa zamani wa minyaa ulikuwa umeng'olewa upande mmoja ili zizi la ng'ombe liongezwe. Na pale chini kilikuwepo kisiki. Unakikumbuka. Mnyaa mzee, shina nene kama paja, mizizi imejisokota kama vidole vya watu wawili waliokuwa wanapigana wakagandana. Kilikuwa kimekauka kwa nje mpaka kikapauka. Niliona sebule yangu. Niliona wageni wakikisogelea. Sikumwona jike wako hata mara moja.

Nilikitia kwenye buti la gari la kukodi. Bibi yako akatoka jikoni akifuta mikono.

"Mama Wambura, hicho unakipeleka wapi?"

"Musoma, Mama. Kwenye tangi la mjukuu wako."

"Mti wa uzio hautokagi nje ya boma. Ulipandwa ulinde hapa."

Hapo ndipo masikio yangu yalipofungwa. Unajua ninavyokuwa nikisikia mwiko. Miaka ishirini nimeishi kama mkwe katika familia ile, nikiambiwa mwanamke hali hiki, mwanamke haketi pale, na kila mara nikiuliza kwa nini, jibu ni kwamba ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimejaa tayari.

"Mama, hiki kimekufa. Hakimlindi mtu."

"Ngoja nimalize. Sisi tukiwa wadogo tulikuwaga tunauponda huo mti, tunaenda nao..."

"Nimesikia, Mama."

"Hujasikia. Nasema tulikuwaga..."

Nikafunga buti. Nilimkatiza mara mbili mama wa marehemu baba yako, mbele ya nyumba yake, na dereva akiangalia. Kisha nikarudi Musoma nikaandika makala ya gazeti la wiki kuhusu miiko inayotufunga mikono, nikamweka ndani yake, bila jina, kama mzee mmoja wa Butiama anayeogopa kisiki. Watu walinipigia simu kunipongeza. Walicheka sana mahali pale pa kisiki.

Hakikuingia kwenye sufuria lolote. Nilikimwagia maji ya moto kwa birika, nikakiloweka siku nne kwenye lile karai kubwa la kufulia. Mzizi mmoja ulikuwa mrefu, nikaukata kwa msumeno, na pale ulipokatika pakatoka kitone cheupe kama maziwa. Kimoja tu. Nilikifuta kwa kanga, na bila shaka nikajifuta na uso, kwa sababu jicho langu la kushoto liliwaka moto siku mbili, likavimba. Niliwaambia watu ni vumbi. Mti ulikuwa umeniambia wenyewe, kwenye jicho, nikausingizia vumbi.

Uliporudi Ijumaa ulikikuta tayari kimekaa ndani ya tangi, na jike wako, aliyebeba mayai kwa mara ya pili, ameingia katikati ya mizizi. Ulifurahi. Nakumbuka ulivyofurahi, na hilo ndilo linalonifanya nitake kuvunja kitu. Ukauliza, "Umekiloweka muda gani?"

Nikasema, "Mwezi, huko huko Butiama."

Ulikuwa na sababu gani ya kumshuku mama yako? Hukuuliza tena hata ni mti gani. Ulidhani nami nimejifunza.

Jumamosi ukabadilisha maji kidogo kama kawaida yako, ukitumia yale uliyoyaacha kwenye ndoo tangu jana yake ili dawa ya bomba itoke. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, wote walikuwa juu. Wanahema kwa midomo nje ya maji, wanazunguka kama wamelewa, wanaanguka kiubavu. Yule jike aliwatema watoto wake, vitoto vyenye macho makubwa, vikaelea. Ulikuwa na shati jeupe la kwaya na mikono yote miwili ndani ya maji, unawahamisha mmoja mmoja kwenye ndoo, nao wanafia kwenye ndoo.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nikasema, "Maji yale uliyaacha yalale?"

"Niliyaacha, Mama. Tangu Ijumaa."

"Una uhakika?"

"Niliyaacha kwenye ndoo ya bluu."

"Ndoo ya bluu niliijaza mimi jana asubuhi."

Sikuijaza, Wambura. Nilikuwa nimejaza ya njano. Nakuapia kwamba wakati nasema nilidhani labda ni kweli. Mdomo wangu huwa unafika kabla yangu. Lakini jioni ile nilipokwenda uani niliiona ndoo ya njano imejaa, nikajua, na nikaingia ndani nikanyamaza. Ulikuwa umelala kifudifudi na shati la kwaya. Nilikufunika shuka. Nilijiona mama mwema.

Wakati huo bado sikujua ni kisiki. Nilijua tu si wewe. Ya kisiki niliyajua miezi miwili baadaye, ulipokuwa umeshalimwaga tangi na kulitoa kwa jirani alelee vifaranga. Kisiki nilikipeleka Bunda, Kabasa, kwa yule fundi aliyenitengenezea tangi lako, mwanafunzi wangu wa zamani, nikidhani atampa mteja mwingine. Alikigeuza, akakikwangua kwa bisibisi, akanusa, akaanza kucheka peke yake.

"Mwalimu, hiki ulikitoa wapi?"

"Butiama. Kwa mama mkwe."

"Na yeye alikuruhusu?"

"Alianza kuniletea habari za miiko."

"Hakukwambia kwamba mnyaa ndio tuliokuwa tunalewesha nao samaki kwenye vidimbwi? Unaponda matawi, unatupa, wanapanda juu wenyewe. Mtoto wa darasa la pili anajua." Akakiweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali, kisha akakumbuka, akaenda kunawa. "Mwalimu mzima. Umechukua sumu ya samaki ukawapelekea samaki, tena kama pambo."

Hakujua kwamba samaki walikuwa wako. Alidhani ni wangu, ndiyo maana alicheka.

Nilirudi Musoma nikiwa na sentensi moja tu ya kukuambia. Fupi. Nimeandika sentensi ndefu elfu na moja dhidi ya watu wasiokiri makosa yao. Wiki ile ile nilikuwa nimemshambulia mwenyekiti wa kijiji kwa sababu alificha ubovu wa kisima. Nikafika, ukanifungulia geti, ukauliza kama nimekula. Sikusema. Kesho yake sikusema. Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi, mpaka kunyamaza kukawa kama samani ya nyumba, nazunguka pembeni yake bila kugonga. Na nyuma ya yote, nikuambie ukweli wenye aibu kuliko kisiki: niliogopa makala. Ningekuambia wewe, ningelazimika kuwaambia na waliocheka. Ningelazimika kuandika kwamba mzee mmoja wa Butiama alikuwa anajua, na kwamba mwandishi alimfungia buti usoni.

Bibi yako hana kosa katika hili. Alitoa kwanza sababu niliyoizoea na kuidharau, halafu akawa anakuja na ya pili, iliyotosha kuokoa kila kitu. Sikuisubiri. Mimi si mtetezi wa miiko hata leo, usije ukadhani nimelainika. Lakini mtu akikupa sababu inayokuudhi, mwache amalize, kwa sababu huenda anayoyajua bado yako mdomoni. Hili nililipata kwa gharama ya samaki wako, na nadhani kwa gharama ya zaidi ya samaki.

Maana mwezi uliopita, majibu ya udahili yalipotoka, ulikaa pale mezani na nafasi mbili, chuo cha uvuvi na ugavi Dodoma. Nilikuwa nakumiminia chai. Nilikuuliza kwa nini ugavi, mtoto ambaye alikuwa akijua furu kwa mgongo. Ukasema bila hata kuinua macho, "Mama, mimi na viumbe hai hatuendani. Karatasi hazifi."

Niliendelea kumimina chai. Ilijaa, ikamwagika kwenye sahani, nikaifuta. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu, wazi kama mlango, na nilifuta chai.

Juma lililopita nilikwenda Butiama. Nilimwomba bibi yako msamaha, nikasimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia. Kisha akauliza, "Mtoto umemwambia?"

"Bado."

"Anaenda Dodoma lini?"

"Alhamisi."

"Mimi sitamwambia. Si mimi niliyeua samaki wake." Akarudi kuchambua mchele. Baadaye kidogo akasema, "Lile gazeti lako nililipata. Lilikuwa zuri. Nalifungiaga dagaa."

Leo umeshinda kwake ukimuaga, na najua hakusema, kwa sababu akisema hasemi huwa hasemi. Amenibebesha mwenyewe, na ana haki.

Sikuambii uende kusomea samaki. Nimeshaingiza mkono wangu wa kutosha kwenye maisha yako. Ugavi ni kazi ya heshima, na ukiupenda, nenda ukaupende. Lakini chuo cha uvuvi bado wanapokea uthibitisho mpaka Ijumaa, nimeulizia, na kesho ni Alhamisi. Ninachotaka ni kwamba ukae na nafasi zote mbili mezani tena, ukiwa unajua ukweli. Mkono wako hauui. Mkono wako ndio ulioruka kila gogo usilolijua, ulionusa mkaratusi ukaurudisha, uliongoja wiki tatu, maji ya pipa yakawa chai hafifu, na bado ukasema bado. Ukitaka kujua mkono unaoua ukoje, ni ule usioweza kungoja.

Mzizi wa mpera haukuingia kwenye tangi hata siku moja. Ulikuwa bado kwenye pipa siku walipokufa. Furu wako wangekuwa na makazi yaliyo salama baada ya siku kumi hivi.

Umeingia sasa hivi. Nimesikia geti nikafunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Umesema bibi anasalimia na amekupa karanga za njiani. Ukauliza, "Unaandika nini, Mama?"

Nimekujibu, "Makala."

"Leo unampiga nani?"

"Mtu mmoja wa hapa Kigera."

"Maskini," umesema, ukaenda jikoni unacheka.

Unaona? Kalamu mkononi, wino haujakauka, kurasa zote hizi za kukiri, na bado nimekwepa. Juu nimeandika uisome kabla ya basi, lakini moyoni nilikuwa nimeshapanga kuiweka barua hii kati ya nguo zako, uikute Dodoma, wakati Ijumaa imeshapita na mimi niko mbali. Hiyo ingekuwa ndoo ya bluu nyingine.

Nasikia unafunua masufuria. Naja nayo huko jikoni, nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye kigoda mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Kisha useme lolote utakalo, kwa sauti yoyote, kwa muda wowote. Mimi nitanyamaza.

Mama yako